Sura ya Sita: Mchele wa Karachi, Mahindi ya Namanga

Isiolo hailimi inachokula. Hii ni nchi ya ngamia, ng'ombe na mbuzi, na ukiacha mashamba machache ya kunyunyizia maji huko Burat, Kinna na Rapsu, karibu kila kinachopikwa mjini kimefika kwa lori. Ingia stoo ya duka la jumla, uanze kusoma magunia. Mchele umeandikwa Pakistani. Sukari huenda ni ya magharibi mwa Kenya wiki hii na ya Misri au Mauritius wiki ijayo, kwa chapa ileile. Mafuta ya kupikia yametiwa kwenye mitungi hapahapa nchini, lakini mawese yake yamevuka bahari kutoka Malesia au Indonesia. Unga wa ngano una jina la kiwanda cha Kenya, na sehemu kubwa ya ngano yenyewe imeshukia bandari ya Mombasa. Maharagwe yamepanda kutoka Meru, au yameteremka kwa barabara ya Moyale. Mahindi ndiyo yasiyosema lolote: magunia ya kilo 90, hayana maandishi, na ukiuliza yametoka wapi utajibiwa kwamba yametoka Nairobi, kana kwamba kuna mtu aliyepanda mahindi pale Nyamakima, katikati ya jiji. Nairobi ndiko yalikobadilisha lori. Mengi yalivunwa Uganda au Tanzania.

Kila Nairobi na Dodoma, au Nairobi na Kampala, zinapokosana kuhusu maziwa, vifaranga, sukari au wafanyabiashara waliofukuzwa sokoni, huzuka sauti ya kutaka tutoke katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hoja yake huvutia. Tukijitoa, inasema, tutajipangia ushuru wenyewe, tutaagiza chakula kutoka popote kilipo rahisi, na Arusha, makao makuu ya Jumuiya, haitatuambia la kufanya. Swali la sura hii ni dogo kuliko hoja hiyo: siku hiyo ikifika, magunia ya stoo ile yatabadilika bei vipi, moja baada ya jingine?

Tuanze na mchele, kwa sababu ndio unaowachanganya wengi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Tangu hapo nchi wanachama hutoza ushuru mmoja kwa bidhaa za nje. Ngazi za kawaida zilikuwa tatu, asilimia 0, 10 na 25, kisha mwaka 2022 ikaongezwa ya nne ya asilimia 35. Juu ya hizo kuna orodha ya bidhaa zinazolindwa kwa ukali zaidi: mahindi asilimia 50, sukari asilimia 100, mchele asilimia 75. Lakini Kenya haijawahi kuutoza mchele wa Pakistani asilimia 75. Pakistani ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya, na haikuwa na haya kukumbusha kwamba anayeufungia mchele wake mlango asishangae chai yake ikilala bandarini Karachi. Kenya ikaomba ruhusa, ikapewa: asilimia 35, au dola 200 kwa tani, itakayokuwa kubwa. Ruhusa hiyo imekuwa ikiongezwa mwaka baada ya mwaka.

Tupige hesabu ya mfano. Tani ya mchele ikifika Mombasa kwa dola 500, asilimia 35 ni dola 175, kwa hiyo mwagizaji analipa zile 200. Dola ikiwa shilingi 130, hizo ni shilingi 26 katika kila kilo. Kwa asilimia 75 angelipa dola 375, karibu shilingi 49 kwa kilo. Mlaji wa Isiolo ameepushwa shilingi 23 hivi kwa kila kilo ya pilau, na ameepushwa ndani ya Jumuiya, bila kutoka popote.

Anayesema tutoke ili chakula kishuke bei huwa hajaliangalia hilo. Mwaka 2017, pakiti ya kilo mbili ya unga ilipopanda kupita shilingi 150, serikali ilifuta ushuru wa mahindi ya nje, na Mei mwaka huohuo meli yenye karibu tani 30,000 za mahindi ya Mexico ikatia nanga Mombasa. Ilifika upesi kiasi kwamba watu waliuliza safari ilianza lini. Mwanzoni mwa 2023, baada ya mvua kukosa misimu mitano mfululizo, dirisha lilifunguliwa tena, kwa mahindi na kwa mchele. Ngano nayo ushuru wake wa pamoja ni asilimia 35, na wenye viwanda wa Kenya hulipa 10, kwa sharti kwamba wanunue kwanza ngano ya wakulima wa nyumbani. Ukitoka Isiolo kupanda mlima unakutana na ngano hiyo pale Subuiga, mashamba yamejaa mpaka chini ya mawingu, mwendo usiofika saa moja kutoka mji unaokula unga wa ngano ya ng'ambo. Kila mwezi Juni Gazeti la Jumuiya hutoka na orodha ndefu ya ruhusa za namna hii, nchi kwa nchi, na Julai mosi zinaanza. Kwa chakula kinachotoka mbali, Kenya tayari inaishi mguu mmoja nje. Kinachozuia mchele usiingie bila ushuru mwaka mzima ni mkulima wa Mwea pamoja na Hazina inayoyahitaji mapato hayo. Wote wawili wako hapahapa nyumbani, na kujitoa Arusha hakutawaondoa.

Kwa gunia la Karachi, basi, kujitoa hakubadilishi mengi. Tugeukie gunia lisiloandikwa.

Mahindi ya Tanzania na Uganda huingia Kenya kwa ushuru sifuri kwa sababu ni ya Jumuiya. Yakiwa na cheti cha asili ya bidhaa hayadaiwi ile asilimia 50. Hata mama mwenye shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 ana cheti chake chepesi, kinachotolewa palepale mpakani. Kenya ikitoka, mahindi ya Uganda yana mlango mwingine. Kenya na Uganda zote zimo katika COMESA, soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na eneo lake la biashara huru lingeendelea kuyabeba. Mahindi ya Tanzania hayana mlango huo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, ikabaki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambayo Kenya haimo. Hatua ile haikuleta njaa popote, na wapo wanaoitumia kama ushahidi kwamba kujitoa si kitu. Wanasahau kwamba Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa umetiwa saini Novemba 1999 na ulianza kufanya kazi Julai 2000. Tanzania ilifunga mlango mmoja ikiwa imeshafungua wa pili. Tangu hapo, kati ya Nairobi na Dodoma uzi wenye nguvu wa biashara ya chakula ni mmoja tu. Eneo huru la bara zima, AfCFTA, lipo, na nchi zote mbili zimeliridhia, lakini linapunguza ushuru kwa awamu na linaruhusu kila nchi kuficha vyakula vyake nyeti nyuma ya orodha.

Utasema Kenya, ikiwa huru, inaweza kuamua yenyewe kwamba mahindi ya Tanzania yataendelea kuingia bure. Haiwezi kirahisi hivyo. Kanuni ya kwanza ya Shirika la Biashara Duniani ni kwamba unachompa mmoja uwape wote, isipokuwa mkiwa ndani ya mkataba wa kikanda unaotambuliwa. Nje ya mkataba, ukimpa Mtanzania sifuri unampa na Mmexico. Siku hiyo wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu wangeshuka Nairobi na matrekta, na sijui waziri gani wa kilimo angekaa ofisini wiki mbili baada ya hapo. Waziri angerudi kwenye asilimia 50, au kitu kinachoikaribia, na angemtoza jirani kwa sababu hana namna ya kumtofautisha jirani na mgeni.

Jambo la ajabu ni kwamba tumeshaijaribu hali hii, kwa siku chache. Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliwaandikia watu wa forodha kusimamisha mahindi yote ya Tanzania na Uganda mara moja, kwa sababu vipimo vilikuta sumukuvu kupita kiwango salama. Sumukuvu si mzaha. Ukuvu wa gunia lililofungwa likiwa bichi huharibu ini, na huko Ukambani umewahi kuua watu wengi, mwaka 2004. Lakini barua ile haikubagua gunia. Malori yakapanga foleni Namanga na Busia, madereva wakilala chini ya magari, na mahindi yaliyokuwa makavu yakaanza kufuka kwa joto la turubali. Tarehe 10 Machi zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, shehena iwe na cheti cha asili, na sumukuvu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Siku tano. Ushuru haukuguswa hata kwa shilingi moja, nao ulikuwa sifuri wakati wote huo.

Mawili yanafaa kushikwa hapo. Kwanza, chakula kinaweza kuzuiwa vizuri kabisa pasipo ushuru. Pili, zuio lilidumu siku tano badala ya miezi mitano kwa sababu mawaziri wa nchi tatu walikuwa na mahali pa kukutana, lugha moja ya viwango na mkataba wa kunukuliana. Ukitoka kwenye Jumuiya, barua kama ile bado inaweza kuandikwa. Ila jirani hana pa kuikatia rufaa.

Watu wa Isiolo hawahitaji kufundishwa somo la kwanza. Mji huu ulikuwa geti. Chini ya Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902, na baadaye Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934, kaskazini yote ilikuwa eneo lililofungwa, na Isiolo ndiko mtu alikoonyesha pasi kabla ya kupita upande wowote. Mifugo nayo ilikuwa na pasi yake, iliyoitwa karantini. Daktari wa mifugo wa serikali alitangaza ugonjwa, homa ya mapafu au sotoka, na ng'ombe wa Mborana au Msamburu wakakwama kaskazini ya mstari huku nyama ya mashamba ya walowezi wa Laikipia na Timau ikiuzwa bila mshindani. Mara nyingine ugonjwa ulikuwepo kweli. Mara nyingine ulidumu kwenye karatasi muda mrefu kuliko ulivyodumu kwenye ng'ombe. Hakuna aliyemtoza mfugaji ushuru, na bado bei ya ng'ombe kaskazini ya geti ilikuwa nyingine kabisa na bei ya kusini. Hata baada ya uhuru na vita vya shifta, magari ya kwenda Marsabit na Moyale yaliendelea kujiandikisha kizuizini na kusubiri msafara wenye askari. Mpaka leo utamsikia mzee hapa akisema kijana wake amekwenda Kenya, akimaanisha Nanyuki.

Nataja historia hii kwa sababu mijadala ya kujitoa hupenda kuishia kwenye jedwali la asilimia, na jedwali haliwezi kuonyesha geti.

Wala halionyeshi mbuzi. Mlaji wa Nairobi hupima bei ya unga kwa mshahara. Mfugaji wa Merti au Oldonyiro huipima kwa mnyama, na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, katika taarifa yake ya kila mwezi ya kaunti, hufuatilia hesabu hiyohiyo: mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za nafaka. Chukua mfano wa msimu mzuri. Mbuzi wa shilingi 6,000, mahindi shilingi 60 kwa kilo, mfugaji anarudi na kilo 100. Ukame ukiingia mbuzi anakonda, kila mtu anauza kwa pamoja, bei inashuka hadi 3,000, na mahindi yanapanda hadi 90. Sasa ni kilo 33. Weka juu yake ushuru wa asilimia 50 kwa mahindi yaliyofika mpakani kwa shilingi 30, yaani shilingi 15 zaidi, na mbuzi huyo anabaki na kilo 28 na kidogo. Kilo tano hizo mchumi wa Nairobi atazipitisha kama makosa ya kukadiria. Nyumba ya watu sita inazila siku mbili.

Kuna hesabu nyingine, ya lori. Malori yanayopeleka mbuzi Kiamaiko, Nairobi, hurudi na chakula, na nauli ya kupanda huwa nafuu kwa sababu safari ya kushuka imeshalipiwa na mbuzi. Mahindi yakipungua Nairobi, au yakizuiwa Namanga kwa wiki tatu, dereva anarudi na mzigo nusu, na nusu hiyo ndiyo inayobeba gharama yote ya dizeli. Isiolo iko kilomita 270 hivi kutoka Nairobi, na Moyale iko kama 500 zaidi. Ongezeko lolote la mpakani huvimba njiani, na Marsabit hulipata limevimba zaidi.

Hapo mfanyabiashara wa Isiolo atakuwa na pingamizi, na ni pingamizi zuri. Ethiopia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni mwanachama wa COMESA asiyejiunga na eneo lake huru. Na bado maharagwe ya Ethiopia yapo sokoni, na siku nyingine vitunguu, tangu lami ya Isiolo hadi Moyale ilipokamilika na kituo cha pamoja cha mpakani kufunguliwa Desemba 2020. Kama chakula kinavuka mpaka usio na mkataba, mkataba ni wa nini?

Jibu liko kwenye ukubwa wa mzigo. Kinachotoka Moyale mara nyingi huvuka kidogokidogo, kwa punda, kwa bodaboda, kwa ndugu waliooana pande zote mbili za mpaka, kisha hukusanywa upande wa Kenya na kupakiwa lori. Chakula kama hicho hakina mkopo wa benki wala bima, na bei yake hupanda na kushuka kwa amri ya Addis Ababa kuhusu fedha za kigeni au kwa risasi mbili zilizosikika njiani. Unaweza kuijaza meza moja ya soko kwa njia hiyo. Hospitali, shule za bweni na kambi za chakula cha msaada haziwezi kuagiza hivyo. Ningesema mpaka wa Moyale ndio picha halisi ya Namanga nje ya Jumuiya: chakula kingevuka, ila kwa njia za panya, na faida ingekwenda kwa wenye njia.

Namanga yenyewe iliwahi kuwa hivyo. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa 1967, ilivunjika 1977, na Februari ya mwaka huo Tanzania iliufunga mpaka na Kenya. Ulikaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Malori ya Kenya yalipoteza njia ya Zambia. Mahindi, ambayo huko Tanzania yalinunuliwa na shirika la umma kwa bei ya kupangwa, yalivuka usiku kila bei ya Kenya ilipokuwa tamu, na bidhaa za viwanda vya Nairobi zikaelekea Moshi na Arusha kwa magendo. Mpaka haukuzuia chakula kuelekea kwenye bei. Ulimnyang'anya mkulima risiti, ukazipa serikali zote mbili hasara ya ushuru.

Mifano ya karibuni ipo, ingawa kila mmoja una dosari. Mali, Burkina Faso na Niger zilijitoa rasmi ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, tarehe 29 Januari 2025, na miezi miwili baadaye zikaweka tozo yao ya asilimia 0.5 kwa bidhaa za nje. Tozo ndogo. Lakini nchi hizo tatu zilibaki ndani ya umoja wa sarafu na forodha wa nchi za faranga ya CFA, kwa hiyo ziliangukia kwenye godoro, kama Tanzania ya 2000. Niger ilikuwa imeshaonja maumivu yenyewe mapema, mipaka ilipofungwa baada ya mapinduzi ya Julai 2023 na mchele ukapanda Niamey. Uingereza, ilipotoka Umoja wa Ulaya, ilipata makubaliano ya ushuru sifuri, na bado iliahirisha ukaguzi wa vyakula mara kadhaa hadi 2024 kwa kuogopa kile ambacho karatasi zingeufanyia mlo wa watu wake. Mishiri ya Timau, inayopandwa juu tu ya Isiolo, ilihitaji mkataba mpya kati ya Nairobi na London. Ulitiwa saini tarehe 8 Desemba 2020, wiki tatu kabla ya mlango wa zamani kufungwa. Wakulima wa maua walikumbuka Oktoba 2014, mkataba na Ulaya ulipochelewa na Kenya ikalipa ushuru Ulaya kwa takriban miezi mitatu. Majirani wa Jumuiya hawakulipa. Wao huhesabiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi, ambazo Ulaya huzifungulia mlango bure, na Kenya haimo katika orodha hiyo.

Ikitokea Kenya ikaamua, utaratibu upo katika ibara ya 145 ya Mkataba. Azimio lipite Bungeni kwa theluthi mbili ya wabunge wote, ambayo kwa Bunge la Taifa la wabunge 349 ni 233, kisha notisi ya maandishi ya miezi 12 ipelekwe kwa Katibu Mkuu Arusha. Katika miezi hiyo nchi inabaki mwanachama, na mahindi yanaendelea kuingia kwa sifuri. Karatasini, mwaka mzima wa kujiandaa.

Sokoni hauwezi kuwa mwaka mzima. Mwenye ghala Nairobi akijua kwamba mahindi ya Tanzania yatapanda mwakani, hataliuza gunia lake leo kwa bei ya leo. Mwenye duka Isiolo, anayenunua kwa mkopo wa wiki mbili, ataambiwa alete pesa taslimu. Broka wa Namanga atawapigia wakulima wa Babati simu na kuwapa nusu, akijua kwamba mwakani hawatakuwa na mnunuzi mwingine wa Kenya. Shirika la msaada litanunua mapema ili lisinaswe. Kila mmoja wao atakuwa anafanya jambo la akili, na bei ya gorogoro, kopo la kupimia mahindi, itaanza kupanda Isiolo mwezi wa kwanza au wa pili baada ya notisi, miezi kumi kabla ya afisa yeyote wa forodha kutoza asilimia hata moja.